H. G. Wells na Askari Wake wa Risasi

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Ni ile madini nzito, laini, ya kijivu, ambayo mvuvi huitia chubwi kwenye mshipi wake upate kuzama. Na ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki ikamtoa mtu roho. Bwana ninayetaka kumsimulia leo alizijua zote mbili. Ile ya kwanza aliichezea sakafuni hadi akapindukia miaka arobaini, mtu mzima mwenye masharubu na jina kubwa. Ile ya pili aliipinga kwa kalamu, kisha siku moja akaiitikia, na jambo hilo likamkaa rohoni hata uzeeni.

Jina lake ni Herbert George Wells, Mwingereza. Wengi wetu tulikutana naye shuleni katika hadithi zake za ajabu: ile ya mtu asiyeonekana, ile ya chombo cha kusafiria katika wakati, na ile ya viumbe walioteremka kutoka sayari ya Mirihi wakaivamia Uingereza. Lakini wako watu huko Ulaya na Marekani ambao hawamkumbuki sana kwa hayo. Wao wanamkumbuka kwa kitabu chembamba alichokitoa mwaka 1913, "Little Wars", yaani Vita Vidogo, na humhesabu yeye kuwa baba wa mchezo wao.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu hununua vijisanamu vya askari vya madini au vya plastiki, kimo chake hakizidi pingili moja ya kidole gumba. Huvikwangua kwa tupa ndogo kuondoa makovu ya kalibu, akavipaka rangi ya chini, kisha akaketi penye taa na brashi yenye ncha kama ya sindano. Wengi wao hupenda zaidi majeshi ya zama za Napoleon, kwa sababu ya sare. Koti la Mfaransa ni buluu, la Mwingereza jekundu, la Muaustria jeupe, la Mrusi kijani. Na kila kikosi kina rangi yake ya ukosi na ya mikono, na mpaji akikosea rangi hiyo wenziwe humcheka. Vijisanamu thelathini huweza kumla mtu jioni za mwezi mzima. Jeshi likitimia, hupangwa juu ya meza yenye vilima na vijumba, na mwenziwe akaja na jeshi lake. Hupima hatua kwa rula na hutupa dadu kujua nani amekufa. Kijisanamu kimoja huhesabiwa kuwa watu ishirini, au thelathini na watatu, kwa kadiri ya kanuni walizokubaliana.

Huyo Napoleon si mgeni kwetu sisi Waislamu. Mwaka 1798 aliingia Misri, na watu wa Kairo walipomwasi mwezi wa Oktoba askari wake waliingia na farasi ndani ya msikiti wa Al-Azhar. Mwaka uliofuata alimwandikia barua Imamu wa Maskati, Sultan bin Ahmad, baba yake Seyyid Said aliyekuja baadaye kuhamia Unguja. Barua hiyo ikakamatwa na Waingereza kabla ya kufika. Aliporudi Ufaransa alifuatwa na Mamluki wakawa walinzi wake, na vilemba vyao. Leo yuko bwana fulani Uingereza ameinama mezani akikipaka rangi kilemba hicho, wala hajui kilikotoka.

Tumrudie Wells. Alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, mjini Bromley, karibu na London. Baba yake, Joseph, aliwahi kuwa mtunza bustani, kisha akafungua duka la vyombo vya kauri na vifaa vya mchezo wa kriketi, duka lisiloleta faida. Mama yake, Sarah, alikuwa mtumishi katika jumba la matajiri liitwalo Uppark. Kijana alipokuwa na miaka saba, mtu mmoja alimrusha juu kwa mzaha, akamkosa wakati wa kumdaka, na mguu ukavunjika. Kulala kitandani kwa majuma mengi ndiko kulikomfungulia dunia, maana baba alikuwa akimletea vitabu. Yeye mwenyewe alipata kuandika kwamba lau si mguu ule huenda angalikufa karani wa duka la nguo.

Na ilikaribia kuwa hivyo. Baba naye alivunjika mguu, mapato yakakatika, mama akarudi Uppark kuwa msimamizi wa nyumba, na mtoto akatiwa uanagenzi katika maduka ya nguo. Huko Southsea alikaa miaka miwili akikunja vitambaa kutoka asubuhi hadi usiku. Asubuhi moja hakuvumilia tena, akatoka kwa miguu, maili kumi na saba, kwenda kumwambia mama yake kwamba basi. Alipata nafasi ya kusomesha huku akisoma, akafuzu mitihani, na mwaka 1884 akaingia chuo cha sayansi London, akawa mwanafunzi wa Profesa T. H. Huxley. Mwaka 1895 kilitoka kitabu chake cha chombo cha wakati, na tangu hapo hakujua tena njaa. Habari za ndoa zake na wanawake wake ni ndefu, na si za kumpamba, nitazipita.

Kuna jambo moja la utotoni ambalo hakulisema mpaka alipoandika habari za maisha yake mwaka 1934. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, mwembamba, nguo zimechakaa, alikuwa akizunguka viunga vya Bromley peke yake akipiga mluzi. Watu waliompita hawakujua kwamba kichwani mwake alikuwa jemadari. Kila kilima kilikuwa ngome, kila uwanja una majeshi, na wapanda farasi wasioonekana walimjia mbio kupokea amri. Alikuwa Cromwell, alikuwa Napoleon. Aliwashinda maadui, akapindua ufalme, akaitengeneza dunia upya, kisha akarudi nyumbani kula. Nani kati yetu wanaume hakupitia hayo? Sisi tulifanya kwa mabua ya mahindi na vifuu vya nazi.

Alihamia nyumba yake mpya, Spade House, huko Sandgate, ikitazama bahari, na mwaka 1901 akazaliwa mwanawe wa kwanza, George Philip, waliyemwita Gip. Wa pili, Frank, alizaliwa 1903. Chumba cha watoto kilijaa vijumba vya mbao, mabehewa, na askari. Hapo kabla, askari wazuri wa kuchezea walikuwa wakitoka Ujerumani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London iligundua njia ya kusubu askari aliye mtupu ndani, mwepesi na rahisi bei, na nyumba za Kiingereza zikafurika makoti mekundu. Kampuni hiyo ilitengeneza pia mzinga mdogo wenye kamani ndani, unaotupa kijiti cha mbao kwa shabaha nzuri sana.

Siku moja Wells alikuwa na mgeni wa chakula cha mchana, mwandishi mcheshi Jerome K. Jerome. Walipokwisha kula, wakingoja kahawa, mgeni aliuona mzinga na askari wanne watano kwenye meza ya pembeni. Akavuta kiti. Akaupakia mzinga kwa hadhari, akalenga, akamwangusha mmoja. Kisha akajisifu. Na mwanamume akijisifu mbele ya mwenziwe, mambo hayaishi hapo. Muda si muda mabwana wawili wenye majina walikuwa wamepiga magoti juu ya zulia, wamesimamisha majuzuu makubwa ya ensaiklopidia yawe ndiyo majengo, wanapigana.

Mwanzoni ilikuwa fujo tupu, kila mmoja akipiga tu. Wells hakuridhika. Yeye na rafiki zake, mmoja wao akiwa nahodha aliyetoka vitani Afrika Kusini, walikaa wakatunga sharia. Askari wa miguu aende futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mzinga usipige ila uwe na watu wanne karibu yake, wakiuawa hao unakuwa chuma kitupu. Vikosi viwili vikikutana ana kwa ana, idadi zikiwa sawa, wafe wote. Aliyezidiwa na kutengwa na wenziwe achukuliwe mateka. Na kila zamu ipimwe kwa saa, ili jemadari asikae kufikiri hadi kuchwe. Hapa hapakuwa na dadu: aliyekufa ni aliyepigwa na kijiti akaanguka.

Mwenye kucheza bao ataelewa utamu wake. Kwenye bao na sataranji pia tunateka na kuua, lakini kete ni kete. Wells alitaka ile bahati mbaya iliyo vitani hasa: shabaha iliyokosa kwa unywele, jemadari aliyechelewa dakika moja, daraja lililosahauliwa. Katika kitabu chake anasimulia pigano moja kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya jenerali mzee anayejitapa, na hakuna asomaye asicheke.

Najua yuko msomaji atakayeuliza juu ya sanamu. Ni haki yake. Nilipokuwa chuoni, mimi na wenzangu wawili tulifinyanga askari kwa udongo, tukawapanga barazani. Mwalimu alipotokea tulijua leo kiboko. Hakutupiga. Aliwaokota mmoja mmoja, akawavunja vichwa kwa kidole gumba, kisha akaturudishia viwiliwili tuendelee na vita vyetu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake, na farasi mwenye mabawa, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Maulamaa wana maneno yao juu ya umri na juu ya mchezo. Wells alikuwa na miaka arobaini na sita kitabu kilipotoka, na jalada lenyewe linasema kwamba mchezo ni wa wavulana hadi wa miaka mia na hamsini.

Mwisho wa kitabu sauti inabadilika. Baada ya kurasa zote hizo za kufurahia mizinga, Wells anamgeukia msomaji na kumwambia kwamba yeyote aliyecheza vita vidogo mara tatu nne ameona jinsi mambo yanavyomponyoka jemadari, na kwa hiyo ajue vita vikubwa ni upumbavu wa namna gani. Anashauri wafalme wapenda magwaride, wachochezi wa magazetini na wazalendo wenye jazba wakusanywe wote katika jumba moja kubwa, wapewe mazulia, vijiti, vijumba na askari wa risasi wasiohesabika, wapigane humo mpaka wafe, na walimwengu wengine waachwe wafanye kazi zao.

Alikuwa hafanyi mzaha. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Lakini nani aliyeinywa?

Kitabu kina nyongeza, na humo Wells anawazungumzia maofisa wa jeshi walioupenda mchezo wake. Majeshi ya Ulaya yalikuwa na mchezo wao wa ramani, ulioingizwa katika jeshi la Prussia mwaka 1824, lakini maofisa wa Kiingereza walimwambia kwamba wa kwao ulikuwa umedorora hauna ladha. Wells anatoa shukrani za pekee kwa mmoja aliyemsaidia kwa mawaidha, Kanali Mark Sykes. Niliposoma jina hilo niliweka kitabu chini. Ni yule yule. Miaka mitatu baadaye, Mei 1916, Sykes na Mfaransa François Georges-Picot waliifunga ile hati ya siri iliyogawanya nchi za Waarabu, Shamu na Iraki na pande zake, kwa mstari wa kalamu juu ya ramani. Sisemi mchezo ndio uliomfundisha. Asiyecheza chochote angeweza kufanya vile vile. Nasema tu kwamba katika nyongeza ile anashughulika jinsi ya kuwahamisha askari wa risasi, na baadaye akahamisha watu. Alifariki Paris mwaka 1919 kwa homa ya mafua, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Kitabu hakikutimiza hata mwaka mmoja na nusu dukani, vita vikubwa vikaja. Na hapa ndipo Wells anapomtia msomaji majonzi. Yule aliyetaka wachochezi wafungiwe jumbani alishika kalamu Agosti 1914 na kuwahimiza Waingereza kupigana. Aliandika makala baada ya makala, zikakusanywa kitabu, na jina la kitabu hicho lilidai kwamba vita hivi ndivyo vitakavyomaliza vita vyote. Neno hilo likaenea ulimwenguni. Hivyo vita vya kumaliza vita vilifika hata kwetu: Novemba 1914 majeshi ya Kiingereza kutoka Bara Hindi yalishindwa vibaya pale Tanga, na baada ya hapo wazee wetu kwa maelfu walitiwa katika kikosi cha wapagazi, wengi wasirudi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi hicho.

Gip alikuwa na miaka kumi na mitatu vita vilipoanza, Frank kumi, umri uliwaokoa. Lakini mwaka 1916 baba yao alitoa riwaya ya Bwana Britling, mwandishi wa Kiingereza anayefanana naye mno. Mwanawe Britling anauawa vitani. Anauawa pia kijana wa Kijerumani aliyewahi kuishi nyumbani mwake akiwasomesha watoto. Riwaya inaishia usiku, baba huyu amekaa akijaribu kuwaandikia barua wazazi wa Mjerumani, na kila karatasi anaiacha. Mtu aliyeandika hayo alikuwa ameanza kujiona kosa lake. Hata hivyo mwaka 1918 alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya propaganda dhidi ya Ujerumani, akitumaini amani itakuja na umoja wa mataifa.

Katika kitabu chake cha 1934 anakiri waziwazi. Anasema kwamba yule mtoto wa Bromley mwenye majeshi kichwani hakufa. Aliendelea kuishi ndani yake, na ndiye aliyeshangilia. Anakadiria kwamba alikua, akaanza kuvifikiri vita kama mtu mzima, baina ya mwaka 1916 na 1920. Na alipomtazama Hitler, alisema anamtambua: ni akili ile ile ya mtoto wa miaka kumi na mitatu, ila huyu amepewa askari wa nyama na damu. Wanazi walikuwa wamekwisha kuvichoma vitabu vyake mwaka 1933.

Napoleon naye hakusalimika. Katika historia kubwa ya ulimwengu aliyoitoa baada ya vita, Wells alimshusha yule shujaa wa utoto wake hadi chini: mtu aliyepata nafasi ya kuijenga Ulaya akaitumia kujikweza. Ni ajabu kwamba mchezo aliouzaa umekuwa hekalu la Napoleon huyo huyo.

Hapana budi niseme na hili. Katika historia yake fupi ya ulimwengu, ya mwaka 1922, aliandika juu ya Mtume wetu maneno ambayo sitayarudia hapa. Agosti 1938 Waislamu wa London, wengi wao mabaharia na wafanyakazi maskini, waliandamana barabarani kuyapinga. Walikuwa na haki. Mtu aliyejua kuusema ujinga wake katika mambo ya vita hakuujua ujinga wake katika dini za watu, na sifa ninazompa kwa lile la kwanza hazifuti hili la pili.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya giza. Katika riwaya ya mwaka 1914 alikuwa ametabiri bomu la atomu, na kwa jina hilo hilo. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata akapata wazo la namna nguvu hiyo inavyoweza kufunguliwa. Ndege za Kijerumani zilipoipiga London, Wells, mzee mgonjwa wa sukari, alikataa kuhama nyumba yake ya Hanover Terrace. Aliishi kuiona Hiroshima. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1946. Kwa desturi yao mwili ulichomwa, na majivu yakamwagwa baharini. Gip, aliyekuwa sasa mtaalamu wa elimu ya wanyama, alikuwako.

Kitabu cha vita vidogo kilibaki kwa wachache, kikaamka tena katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1962 Donald Featherstone, Mwingereza aliyepigana katika vita vya pili vya dunia, alitoa kitabu chake cha sharia, na vilabu vikachipuka. Mzinga wa kamani ukaachwa, dadu ikashika nafasi, maana mtu aliyetumia mwezi kupaka rangi hataki kazi yake ipigwe kijiti.

Juni 2019, mjini Glasgow, Skotlandi, walikutana wapenzi wa mchezo huu wakavipanga vita vya Waterloo vya tarehe 18 Juni, 1815, kwa vijisanamu zaidi ya 22,000, vyote vimepakwa rangi kwa mkono, wakavipigana upya kwa siku mbili. Ilifanywa kuchangia chama kimoja kinachowachukua askari waliorudi majeruhi, wa mwili au wa roho, kutoka vita vya zama zetu, kikawapeleka Ubelgiji kuchimba uwanja wenyewe wa Waterloo pamoja na wataalamu wa mambo ya kale. Wanachimba kwa majembe madogo na brashi, na miongoni mwa wanavyovitoa udongoni ni risasi za bunduki za mwaka ule. Ni za mviringo, za kijivu, nzito kama chubwi.